Sonona ukiwa chuoni: usingoje hali iwe mbaya zaidi ndipo utafute msaada

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma, kifungua mimba katika familia ya wakulima wa mahindi mkoani Rukwa. Tangu muhula huu uanze, yapata miezi miwili sasa, sipati usingizi hadi saa tisa au saa kumi usiku, na asubuhi mwili hauna nguvu ya kuinuka kwenda kipindini. Chakula hakipiti, mpira niliokuwa naupenda siuchezi tena, na nikifungua daftari narudia ukurasa mmoja mara nne bila kitu kuingia kichwani. Nimepimwa malaria na taifodi, nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, lakini hali ni ileile. Sehemu ya fedha za bumu, yaani za kujikimu kutoka kwenye mkopo wa chuo, nilibeti nikapoteza, na sijamwambia mtu. Wenzangu chumbani wanasema najidekeza, nijikaze kiume. Mchungaji ameniombea. Kuna usiku natamani nilale nisiamke. Je, huu ni ugonjwa au ni uvivu? Nikitaka msaada niende wapi bila chuo kizima kujua, na bila kuitwa mtu wa Mirembe? Masomo na mkopo wangu vitakuwaje? Na je, nitarudi kuwa kama nilivyokuwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali manne, lakini nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo linaloamua kama unaweza kungoja hadi Jumatatu au unapaswa kuonwa leo hii. Umesema kuna usiku unatamani ulale usiamke. Mawazo ya namna hiyo huwapata watu wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, na kuwa nayo hakukufanyi uwe mtu mbaya wala mtu asiye na imani. Hata hivyo, ipo hatua kati ya kutamani usiamke na kupanga kujitoa uhai, na mimi siwezi kujua kutokana na maandishi umesimama wapi. Wewe ndiye unayejua. Ikiwa umeanza kufikiria namna, mahali au siku, au umeanza kuaga watu na kugawa vitu vyako, acha kusoma hapa, mwamshe mwenzako wa chumbani hata kama ni usiku wa manane, mwambie waziwazi kwamba unaogopa utajidhuru, kisha muende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Kwa aliye eneo la chuo kikuu, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani; kwa aliye mjini, ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Usibaki peke yako usiku huo, na dawa zozote zilizomo chumbani zikae mikononi mwa mwenzako.

Najua baadhi ya vijana hunyamaza kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Natamani sana na sisi tufike huko, kwa kuwa hofu hiyo inawazuia wagonjwa kufika hospitali. Lakini kuwa na mawazo hayo na kumweleza daktari si kosa, wala si kazi ya daktari kumfikisha polisi mgonjwa aliyesema kweli. Daktari akikuuliza moja kwa moja kama umewahi kufikiria kujiua, hakuulizi kwa kukushuku. Anauliza kwa sababu jibu lako ndilo litakalomwelekeza akuhudumie kwa haraka kiasi gani, na kuuliza huko hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza. Sitatamka kwamba una ugonjwa fulani, kwa kuwa hilo hufanywa na mtu aliyekaa nawe ana kwa ana, lakini naweza kukuonyesha jinsi daktari atakavyoyasoma maelezo yako. Yapo mambo tisa anayoyatafuta: huzuni au moyo mzito karibu siku nzima, kupoteza hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi kukimbia au kuzidi, chakula kutopita au kula kupita kiasi, mwili kuishiwa nguvu, kujiona hufai au kujilaumu mno, akili kutotulia kwenye jambo moja, kuwa mzito wa kusema na kutembea, au kinyume chake kutotulia mahali pamoja, na mawazo ya kifo. Mtu akiwa na matano au zaidi karibu kila siku kwa wiki mbili, mojawapo likiwa kati ya yale mawili ya mwanzo, na shughuli zake zikawa zimevurugika, daktari huanza kufikiria sonona kwa uzito. Katika mistari michache uliyoniandikia nimeona sita, na wiki mbili umeshazipita zamani.

Kuhusu uvivu, tazama jambo moja tu katika maelezo yako mwenyewe. Mvivu hukwepa kazi akakimbilia anachokipenda. Wewe umeacha hadi mpira. Wenzako hawakuambii ujikaze kwa ubaya, kwani wengi wetu tumelelewa kwa neno hilo, na kwa mtoto wa kiume hasa ndiyo dawa ya kwanza na ya mwisho anayopewa. Lakini mtu anayekesha hadi saa kumi usiku, halafu akaamka, akaoga, akahudhuria hata kipindi kimoja kwa wiki, huyo ameshajikaza sana. Nguvu za kujikaza ndizo zilizokwisha, na ndiyo maana nakuelekeza hospitali badala ya kukutia moyo tu.

Wala usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 300 duniani wanaishi na sonona, na magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza kabla mtu hajatimiza miaka 25, yaani katika umri uleule ambao tunamtoa kijana nyumbani, tunamtia bweni moja na watu asiowajua, tunamkabidhi fedha za muhula mzima kwa mara moja, na kumwekea juu ya mabega matumaini ya ukoo. Hakuna sababu moja ya ugonjwa huu. Kuna urithi wa kifamilia, kuna misiba na mapito ya utotoni, kuna deni, kuna kuvunjika kwa uchumba, kuna pombe, na mara nyingi mambo kadhaa hukutana. Kubeti nakutaja peke yake kwa sababu umelitaja kwa aibu: mwambie daktari. Mara nyingi mtu aliyezama katika huzuni hutafuta kwenye mkeka wa kubeti nafuu ya muda, akapoteza, akaongeza sababu ya kujichukia, na daktari asipolijua jambo hilo atakuwa anatibu nusu ya tatizo.

Umepimwa malaria, umepimwa taifodi, umepewa dawa za tumbo. Safari hiyo ndiyo wanayoipita wagonjwa wengi wa sonona katika nchi zetu, kwa sababu ugonjwa huu hapa kwetu mara nyingi huzungumza kupitia mwili: kichwa kuwaka moto, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa, viungo kulegea. Mgonjwa anaeleza mwili, tabibu anatibu mwili, na hakuna aliyeuliza kuhusu usingizi wala kuhusu moyo. Kupima mwili hakukuwa kosa, na daktari utakayemwona sasa huenda akataka vipimo vingine, kwa mfano kiwango cha damu na kazi ya tezi ya shingoni, kwa kuwa upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi polepole huleta uchovu na uzito unaofanana na sonona. Atakuuliza pia kama umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo za uchangamfu usio wa kawaida, ukilala kwa muda wa saa mbili tu bila kuchoka, ukitumia fedha ovyo na kupanga mambo makubwa. Lijibu swali hilo kwa makini, na ikiwezekana muulize mtu wa nyumbani anayekujua vizuri, kwa sababu mwenye vipindi vya aina hiyo huhitaji matibabu ya namna nyingine, na dawa za kawaida za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumvuruga zaidi.

Uende wapi? Njia fupi kuliko zote ni zahanati ya chuo au kituo cha afya unachotumia kwa bima yako ya mwanafunzi. Hapo utaomba kuonwa, na ukiomba rufaa utaelekezwa kwa daktari wa afya ya akili katika hospitali kubwa. Njia ya pili ni mtaalamu wa ushauri nasaha aliye chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Huyu hatoi dawa, lakini anaweza kukusikiliza wiki hii hii, na ni mtu mwenye manufaa makubwa yatakapofika mambo ya mitihani, ambayo nitayaeleza. Njia ya tatu ni kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa na kuulizia kliniki ya afya ya akili na siku zake. Nimeitaja Dodoma kwa kuwa ndiko uliko, lakini msomaji mwingine mwenye shida kama yako anaweza kuanzia Muhimbili akiwa Dar es Salaam, KCMC akiwa Moshi, Bugando akiwa Mwanza, au Kidongo Chekundu akiwa Unguja.

Najua kinachokuzuia si umbali. Ni lile dirisha la mapokezi, lenye foleni nyuma yako na huenda yupo mtu wa darasa lenu ndani ya foleni hiyo, na mhudumu anakuuliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" Si lazima ulijibu swali hilo hapo dirishani. Sema tu, "Naomba kumwona daktari, nitamweleza mwenyewe," na inatosha. Utafunguliwa faili, muuguzi atakupima shinikizo la damu na uzito, utakaa kwenye benchi, na pengine utakaa sana, kwa hiyo beba maji na uende na mtu ukiweza. Ukishaingia kwa daktari, usianze na tumbo. Wengi huanza na tumbo kwa sababu ni rahisi kulitaja, na dakika zilizopo zinaishia hapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo andika kwenye karatasi maneno kama haya: "Kwa miezi miwili silali mpaka saa kumi usiku, sina hamu ya chakula wala masomo, nimeacha vitu nilivyovipenda, na kuna usiku natamani nisiamke." Sauti ikikwama, mpe karatasi asome. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeiona karatasi hiyo kuwa ni utoto. Mimi huishukuru, kwa sababu inaniokolea muda na inanifikisha kwenye jambo lenyewe.

Huenda pia ukampata mtu atakayekuambia, "Wewe bado kijana, una mawazo gani?" Litakuuma, na nakuomba usilichukue kuwa jibu la hospitali nzima. Hapo mwambie kwa adabu, "Naomba unipe rufaa kwa daktari wa afya ya akili," na akikataa, rudi siku nyingine kwa mtu mwingine au pitia ofisi ya ushauri nasaha. Inasikitisha kumtaka mgonjwa awe na ustahimilivu wa namna hii wakati ustahimilivu ndio ugonjwa umemnyang'anya, na ndiyo sababu nasisitiza uende na mtu wa kukusemea.

Kuhusu jina la Mirembe, nakuelewa kabisa, maana katika mazungumzo ya mitaani jina hilo limegeuzwa tusi nchi nzima. Ukweli ni kwamba hiyo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo Dodoma tangu miaka ya 1920, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje ambako mtu huonwa, hupewa dawa, na kurudi kwake siku hiyohiyo. Kulazwa huhusu wachache, hasa wale ambao maisha yao yako hatarini au waliopoteza uhusiano na uhalisia. Ikiwa jina linakutisha, anzia hospitali ya kawaida, hakuna ubaya. Ila ukipewa rufaa ya kwenda Mirembe, nenda, kwa sababu ndiko waliko mabingwa walioona hali yako mara nyingi kuliko daktari mwingine yeyote mjini hapo.

Na siri? Daktari, muuguzi na mshauri nasaha wanafungwa na maadili ya taaluma zao kutotoa habari zako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Upo ukomo mmoja unaopaswa kuujua mapema: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtaalamu anaweza kumhusisha mtu wa kukulinda. Unaruhusiwa kuuliza mwanzoni kabisa, "Nitakayokuambia hapa yatamfikia nani?" Mtaalamu mzuri atakujibu bila kukasirika.

Matibabu yenyewe yako ya aina mbili kubwa, na mara nyingi huenda pamoja. Ya kwanza ni tiba ya mazungumzo. Wapo wanaoidharau wakidhani ni maneno matupu ya Wazungu, lakini ushahidi mzuri umetoka humu humu Afrika. Katika vijiji vya kusini magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wenye sonona waliokutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa na vikundi. Mjini Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa kujitolea kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kutatua nao tatizo moja moja kwa hatua, na matokeo ya jaribio lao yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuwa mazuri kiasi kwamba nchi nyingine zimejifunza kwao. Kwa hiyo ukiambiwa ukutane na mshauri vikao vitano au sita, nenda vyote, hata kama baada ya kikao cha kwanza utahisi hakuna kilichobadilika.

Katika vikao hivyo huenda mshauri akakupangia mambo yanayoonekana madogo mno. Badala ya kukuambia uhudhurie vipindi vyote, atakuambia kesho saa moja asubuhi uoge, uvae, ukakae kwenye kimbweta, yaani benchi la kujisomea, nje dakika ishirini, kisha uhudhurie kipindi kimoja tu, na uandike moyo ulikuwaje kabla na baada. Sonona humwambia mtu angoje hamu irudi ndipo afanye jambo. Mbinu hii huanza na tendo, kwa kiasi ambacho mwili unakiweza, na hamu hufuata taratibu. Mpira nao unaweza kurudi kwa njia hiyo, pengine kwa kwenda kutazama wenzako wakifanya mazoezi kabla hujavaa viatu.

Aina ya pili ni dawa. Si kila mwenye sonona anazihitaji; hali ikiwa ya wastani au kali, kama ninavyohofia kwako, daktari huenda akazipendekeza. Inayotumika sana ni fluoksetini, nayo ina mambo manne ambayo ni bora uyajue kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Haifanyi kazi siku ya kwanza: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi na hukamilika baada ya wiki nne hadi sita, na wengi huiacha wiki ya kwanza wakisema imeshindwa. Maudhi madogo madogo kama kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa utulivu hutangulia nafuu, kisha hupungua. Kwa walio chini ya miaka 25, wachache wao huzidiwa na mawazo ya kujidhuru katika wiki za mwanzo, kwa hiyo daktari atataka akuone mapema, na mwenzako wa chumbani anapaswa kulijua hilo ili mabadiliko yoyote ya ghafla ayaone. Na ukipata nafuu usiiache mwenyewe. Kwa kawaida huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, mara nyingi tisa hadi kumi na miwili, kisha hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa zezeta wala hazimtengenezei uraibu kama unavyosikia. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa bila cheti ndivyo vyenye hatari hiyo, na hivyo usivitumie kujitibu, wala pombe.

Gharama isikuzuie kabla hujauliza. Onyesha kadi ya bima. Kama dawa haimo au bima imesimama, kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii ambayo hushughulikia misamaha kwa wasiojiweza, na mwanafunzi asiye na kipato ana haki ya kugonga mlango huo.

Mchungaji wako ameomba, na ninashukuru kwa ajili yako. Endelea na ibada ikiwa inakupa utulivu, na mwambie kwamba unakwenda hospitali pia. Atakayekutaka uchague kati ya sala na dawa, awe mchungaji, shehe au mganga, huyo usimfuate katika jambo hili.

Sasa masomo, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu vijana wengi wazuri wanapotelea hapa. Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi mgonjwa aliyetoa taarifa kabla ya mtihani, kwa maandishi na kwa uthibitisho wa daktari, anaweza kuruhusiwa kufanya mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kama mtihani wa kwanza na alama zake huandikwa kama alivyozipata. Aliyeingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mgonjwa akafeli, huangukia sapu, yaani mtihani wa marudio, ambayo kwa kawaida ina ukomo wa alama; na asiyetokea bila taarifa anaweza kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Ugonjwa ni uleule, ila matokeo yanatofautiana kwa sababu ya barua moja. Kwa hiyo siku utakayomwona daktari, omba uthibitisho wa maandishi, ambao hauna lazima ya kutaja ugonjwa kwa undani. Inatosha kusema uko chini ya matibabu na unahitaji muda fulani. Upeleke kwa mkuu wa idara yako kupitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu, barua hupotea.

Daktari akiona huwezi kuendelea muhula huu, ipo njia ya kuahirisha masomo. Usiione kuwa ni kufukuzwa, kwani nafasi yako hubaki, ilimradi umeomba kwa utaratibu na ukapewa kibali cha maandishi. Kabla ya kuondoka pita kwa afisa mikopo wa chuo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu lazima ipate taarifa ya kuahirisha kwako ili malipo yasimamishwe na kuendelea utakaporudi. Wanaopata matatizo ya mkopo mara nyingi ni wale walioondoka kimya kimya. Lakini usikimbilie kuahirisha peke yako usiku wa manane moyo ukiwa mzito. Kwa baadhi ya wanafunzi, kurudi nyumbani mbali na kliniki na marafiki huongeza ugonjwa, na wengine hupona vizuri wakibaki na vipindi vichache. Uamuzi huo ufanye pamoja na daktari, baada ya wiki kadhaa za matibabu ikiwezekana.

Nani mwingine ajue? Si chuo kizima. Mtu mmoja chumbani anatosha kwa kuanzia, na umwombe mambo yaliyo wazi, kwa sababu mtu akiambiwa tu "sijisikii vizuri" hajui afanye nini. Mwambie, "Alhamisi nisindikize hospitali, jioni usiniache nikalala bila kula, na ukiniona nimekaa kimya kupita kawaida niulize moja kwa moja kama nina mawazo mabaya." Huenda ni yuleyule anayekuambia ujikaze. Nimewaona wengi wa namna hiyo wakibadilika kabisa siku walipopewa kazi ya kufanya.

Kwa baba na mama, naelewa ugumu wako: mahindi yameuzwa ili wewe usome, nawe unaona kuugua ni kutokuwa na shukrani. Hujala fadhila zao kwa kuugua. Kama unaogopa kuanza na baba, ipo njia ya kikwetu ya kumtanguliza mjomba au shangazi, yule ambaye baba humsikiliza, naye akafikisha. Ukizungumza na baba mwenyewe, usianze na jina la ugonjwa wala na fedha ulizopoteza, anza na ukweli ambao mzazi yeyote anaufahamu: "Baba, naumwa. Silali na sili kwa miezi miwili. Daktari amenipa dawa na ametaka nirudi baada ya wiki mbili." Habari ya kubeti ipo siku yake, na itakuwa nyepesi kuisema ukiwa umeanza kulala.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolijibu kwa furaha zaidi. Ndiyo, wengi wanaopata matibabu na kuyafuata hupona, wanamaliza chuo, wanaajiriwa, wanaoa na kuolewa, na huwezi kuwatambua mtaani. Usingizi na chakula kwa kawaida hutangulia kurudi, na furaha huja nyuma yao, kwa hiyo usikate tamaa ukianza kulala huku moyo ukiwa bado mzito. Ni kweli pia kwamba takriban nusu ya waliowahi kuugua sonona huugua tena wakati fulani maishani, na hilo nakuambia ili usishangae likitokea na usingoje tena miezi miwili. Kwako dalili ya kwanza ilikuwa usingizi. Ukishapona, siku utakapojikuta macho saa tisa usiku kwa wiki nzima bila mtihani wala msiba, rudi kliniki wiki hiyohiyo, na yule mwenzako wa chumbani mwambie dalili hiyo tangu sasa, aijue kama unavyoijua wewe.